Mbolea iliyochelewa si mbolea

Mshahara uliochelewa ungali mshahara. Mtu anayepata mu Desemba makuta ya Septemba ameteseka: amekopa kwa jirani, watoto wamefukuzwa ku masomo, mwenye nyumba amegonga mlango mara tatu. Lakini siku ile makuta yanafika, yanafika. Deni litalipwa, hata kama ni pole pole.

Mbolea haiko hivyo. Mbolea ya kupandia inayofika mu Januari, wakati mahindi ilipaswa kuingia mu udongo mu Novemba, haisaidii tena kitu. Vilevile mbegu. Vilevile makuta ya kukodisha trakta ama kulipa vijana wa kulima. Mvua haijui kama direkteri hakutia saini. Haijui kama sendika na serikali wangali wanabishana. Inanyesha, kisha inakatika.

Tunasema hayo leo kwa sababu kila mwaka, mu miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, mambo mawili yanakutana mu inchi yetu. Kwa upande mmoja, watumishi wa Leta wanadai haki zao: mara ni walimu, mara ni watu wa mabiro, mara ni wale wanaofunga mlango wa malipo. Tunakumbuka mwaka 2021, masomo yalipofunguliwa mu Oktoba na walimu wengi wakakaa nyumbani hata Novemba. Kwa upande mwingine, mkulima anasubiri kile serikali ilimwahidi mbele ya mvua. Mambo hayo yakigongana, anayeumia wa kwanza ni mkulima. Wa pili ni wewe mchimbaji, na mama anayepika bukari ku nyumba yako.

Wengine watauliza: gazeti linawaambia wachimba madini habari za mbolea juu ya nini? Jibu liko mu soko. Uliza bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 mu Lubumbashi, Likasi ama Kolwezi mu mwezi wa Juni, kisha uulize tena mu Februari. Uliza bei ya meka. Utaona kwamba sehemu ya mshahara wa mine, ama ya makuta ya creuseur, inakwenda kulipa mahindi ambayo hatukulima. Katanga inachimba shaba na kobalti kwa dunia nzima, lakini unga wake mwingi unapita Kasumbalesa. Mu 2024, wakati ukame ulipiga Zambia hata serikali yake ikatangaza balaa ya taifa, sisi huku tulisikia uchungu mu sahani. Njo maana kila hekta inayolimwa vizuri ku Kipushi, Kambove, Kasenga, Lubudi ama Mutshatsha inagusa pia mfuko wa mchimbaji.

Tena, familia nyingi za wachimbaji ziko na mguu mmoja mu shimo na mguu mmoja mu shamba. Baba anashuka mu mine, mama iko na shamba pembeni ya mji. Mvua ikizidi na mashimo yakijaa maji, ama ukuta ukianza kuanguka, shamba njo linashika nyumba. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba habari hii ni ya watu wa mbali.

Sasa tuangalie namna makuta ya kilimo yanatembea, kwani wengi wanafikiri yanalala mu mfuko wa mkubwa mmoja tu. Mu sheria za makuta ya Leta ya Kongo, matumizi yanapita mu hatua ine. Kwanza, biro inayohitaji inaandika ahadi ya kutumia makuta. Pili, wanahakikisha kwamba deni ni la kweli na wanahesabu kiasi chake. Tatu, mwenye mamlaka anatoa amri ya kulipa. Ine, hazina inalipa. Ku kila hatua kuko mtu, meza, karatasi, na saini. Mtu mmoja akikosekana ku meza yake, karatasi inalala pale.

Mbali na makuta yenyewe, kuko kazi zingine za Leta ambazo bila hizo msaada wa kilimo haufike. SENASEM njo inapima mbegu na kutoa cheti, ili mkulima asiuziwe mahindi ya kula kama mbegu. Watu wa forodha njo wanapitisha malori ya mbolea ku mpaka. Agronomu wa teritware na moniteri wa kijiji njo wanaandika majina ya wakulima na kuhakikisha kwamba jina liko na shamba kweli, si shamba la karatasi. Wote hao ni watumishi wa Leta. Wote wanaweza kugoma. Mara mingi wote wako na sababu.

Hata mahali ambapo msaada unatumwa kwa simu, shida inabaki. M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money inaweza kufikisha makuta mu dakika moja. Lakini simu haiweki saini ku orodha. Kama orodha ya wakulima haijathibitishwa, hakuna kitu cha kutuma.

Kuko jambo lingine ambalo watu wachache wanaliona. Mwaka wa bajeti ya Leta unaanza Januari na kuisha Desemba. Mwaka wa mkulima wa Katanga haufuati hiyo. Yeye anatayarisha udongo mu Septemba na Oktoba, anapanda mu Novemba na mwanzo wa Desemba, anatia mbolea ya pili wiki chache baadaye, anavuna mu Aprili na Mei. Ni kusema, msimu mmoja unakalia bajeti mbili. Mgomo ukianguka mu Oktoba na kudumu miezi miwili, si kuchelewa tu. Karatasi ambayo haikumaliza hatua zake inakutana na mwisho wa mwaka, hesabu zinafungwa, na mu Januari inabidi kuanza upya na bajeti mpya. Wakati huo mahindi ya jirani aliyenunua mbolea mwenyewe yamefika mu magoti, na yule aliyesubiri Leta anaangalia majani.

Je, tuseme basi kwamba watumishi wa Leta ni wabaya? Hapana. Gazeti hili haliwezi kusema vile, na msomaji wetu mchimbaji hawezi kukubali. Mchimbaji anajua mgomo ni nini. Anajua kwamba mtu haachi kazi kwa furaha. Anaacha kwa sababu alisema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuna mtu alimsikiliza. Katiba yetu ya 2006, mu kifungu cha 39, inatambua haki ya kugoma na kuilinda. Haki hiyo si zawadi ya mkubwa yeyote.

Na madai yenyewe si ya uongo. Mu Februari 2004, serikali na sendika za watumishi wa Leta walitia saini mapatano ku Mbudi, Kinshasa. Yalisema kwamba mtumishi wa chini kabisa atafika dola 208 kwa mwezi, na katibu mkuu dola 2 080, mara kumi ya yule wa chini, kwa kupanda ngazi kwa ngazi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine anachimba. Na jina la Mbudi lingali linatamkwa mu mikutano ya sendika, si kama kumbukumbu, lakini kama deni.

Ongeza wale wanaoitwa «nouvelles unités», waliopata kazi kwa karatasi lakini hawajapata mshahara. Ongeza wale walio na namba ya kazi lakini bila primi. Ongeza wazee wanaobaki ku meza zao na fimbo mu mkono, juu hawataki kuondoka bila makuta yao ya mapumziko. Agronomu anayepaswa kuzunguka vijiji vingi hana pikipiki, na mara ingine hana hata makuta ya kulipa wewa. Ukimwuliza juu ya nini hakwenda kuandika wakulima, atakuonyesha kiatu chake. Mtu huyo akiingia mu mgomo, hatuwezi kumwita adui wa mkulima. Mara mingi yeye mwenyewe njo mkulima, kwani bila shamba lake la pembeni, mshahara ule haungemlisha.

Hapa sasa kuko fundo lenyewe. Mtumishi iko na haki ya kugoma. Mkulima iko na haki ya kupata kile alichoahidiwa. Haki hizo mbili zinapogongana, nani anapaswa kusogea? Wengi watajibu: mtumishi avumilie. Wengine: mkulima avumilie. Sisi tunasema kwamba wale wawili wamevumilia vya kutosha. Anayepaswa kusogea ni yule aliyeahidi wote wawili, ni kusema Leta.

Tuangalie kidogo ku inchi ingine, inchi ambayo jina lake linajulikana ku Kolwezi kwa sababu ya makampuni ya madini yanayotoka kule: Canada. Mu Aprili 2023, watumishi wa serikali zaidi ya 150 000 waliingia mu mgomo. Walikuwa bila mapatano mapya ya mshahara tangu 2021, na maisha yalikuwa yamepanda bei. Wizara ya kilimo iliguswa pia, na ilikuwa mu wakati mbaya, juu mu tambarare zao kubwa za ngano watu wanapanda mwisho wa Aprili na mu Mei. Wakulima waliosubiri karatasi na malipo ya serikali walikuwa na hofu sawa na ya mkulima wa Kambove. Lakini kwa sehemu kubwa ya watumishi hao, mgomo uliisha baada ya siku 12 hivi. Serikali na sendika walipatana: nyongeza ya 12,6% juu ya miaka ine, na dola 2 500 za Canada kwa kila mmoja, mara moja. Wale wa kodi waliendelea siku chache zaidi, kisha nao wakarudi.

Hatusemi kwamba Canada ni paradiso, wala kwamba mapato yao ni kama yetu. Tunaonyesha kitu kimoja tu: mapatano yalikuwa na namba, yalikuwa na miaka, na yaliingia mu hesabu ya serikali. Watumishi walirudi ku meza kwa sababu waliamini karatasi ile. Kwetu, ugumu si kupata watu wa kutia saini. Tumetia saini mara mingi. Ugumu ni kwamba saini haiingii mu bajeti, ama inaingia mu bajeti na haitoki mu hazina. Kwa hiyo mtumishi anagoma tena juu ya jambo lile lile, na mkulima anakosa tena msimu ule ule.

Tena tuseme ukweli mwingine: si kila kuchelewa kunatoka ku mgomo. Mara ingine mgomo unakuwa kama shuka ya kufunikia vitu vingine. Makuta hayakutolewa, ama yalitolewa yakapotea njia, na siku mkulima anauliza, anajibiwa: «Baba, tuko mu mgomo». Mgomo ukiisha, anajibiwa: «Baba, mwaka umefungwa». Namna hiyo hakuna mtu anayejibu kwa kitu chochote. Viongozi wa Afrika waliahidi ku Maputo, mu 2003, kutoa 10% ya bajeti kwa kilimo. Sheria yetu ya kilimo ya Desemba 2011 iliunda mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Tumesikia wakubwa wakisema kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini. Ni maneno mazuri. Lakini udongo haulipizi kisasi bila mbegu.

Basi tunaomba nini?

Kwa serikali, ya Kinshasa na ya majimbo, tunaomba kwanza kubadilisha kalenda. Makuta ya msimu wa kulima yamalize hatua zake zote ine kati ya Mei na Agosti, wakati wa kiangazi, wakati mavuno yameingia na orodha za wakulima zinaweza kuthibitishwa kwa utulivu. Mbolea iwe mu depo mbele ya mvua ya kwanza. Namna hiyo, hata kama mabiro yatafungwa mu Oktoba, mkulima atakuwa amekwisha kupata. Jambo hili halihitaji dola hata moja zaidi. Linahitaji mtu kuangalia mawingu wakati anapanga bajeti.

Pili, serikali iweke wazi kila karatasi ya kilimo iko ku hatua gani. Ibandike ku mlango wa biro ya teritware na isome mu radio: orodha imethibitishwa tarehe fulani, amri ya kulipa imetolewa tarehe fulani, ama haijatolewa. Kama mgomo njo unazuia, tutaona. Kama ni kitu kingine, tutaona pia.

Tatu, serikali ilipe yale iliyoahidi watumishi wake, ama iwaambie kwa namba na kwa tarehe ni lini italipa. Ahadi ndogo inayotimizwa ina nguvu kuliko Mbudi ingine.

Kwa sendika za watumishi wa Leta, tunaongea kama ndugu. Wakati wa mgomo, hospitali inaacha muuguzi mmoja ku wodi ya dharura. Hakuna anayemwita msaliti. Chagueni ninyi wenyewe karatasi chache ambazo hazitalala: cheti cha mbegu, lori la mbolea ku mpaka, amri ya kulipa msaada wa msimu. Msingoje serikali iwalazimishe. Mkitangaza ninyi kwamba mgomo wenu haumgusi mkulima, mutapata rafiki mu kila kijiji, na serikali haitaweza kumtumia mkulima kama ngao mbele yenu.

Kwa wakubwa wa majimbo, wa teritware na wa uchifu ambamo madini yanachimbwa, tunakumbusha kwamba si kila kitu kinangoja Kinshasa. Sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa malipo ya redevansi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa eneo ambamo mine iko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena inalazimisha kila kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya watu wanaoishi pembeni ya mine. Makuta hayo yanatoka mu jasho la wachimbaji na mu udongo wa wakulima hao hao. Sehemu yake ikitengwa kununua mbegu na mbolea mu Julai, mgomo wa mabiro ya mji mkuu hautaua msimu wa kijiji. Tunakumbuka pia kwamba wakati Katanga ilikuwa jimbo moja, gavana Moïse Katumbi alidai kila kampuni ya madini ilime hekta 500 za mahindi. Kuko wale waliolima kweli na kuko wale waliolima mbele ya kamera. Lakini wazo lenyewe, kwamba anayechimba ardhi anaideni chakula, halikuwa wazo baya.

Mwisho, kwenu wachimbaji, na kwenu mama wa nyumba za wachimbaji. Wajumbe wenu wako mu meza ambapo miradi ya 0,3% inazungumzwa, ama wanapaswa kuwa. Mbele ya kukubali ukumbi mwingine wa mikutano ama uwanja mwingine wa mupira, ulizeni: mbolea iko wapi, na itafika tarehe gani? Andikeni tarehe ile. Kama karatasi haina tarehe ya mbele ya mvua, msiitie saini.

Na mkisikia kwamba watumishi wa kilimo wako mu mgomo, msiwacheke, na msiwatukane. Ulizeni wanadai nini, wamengoja tangu mwaka gani, na nani aliwaahidi. Kisha mwulizeni huyo aliyeahidi. Mtumishi asipolipwa mu Oktoba, mkulima hapandi mu Novemba. Na mkulima asipopanda, mchimbaji analipa mu Februari, kwa bei ya meka.